Wenye Msitu Wasio na Msitu

Nilipokuwa mtoto hapa Uvira, alikuwapo mama mmoja wa Kitwa aliyekuja sokoni na vyungu vyake kichwani, vimefungwa pamoja kwa kamba za migomba. Mama yangu alimpenda kwa ajili ya mitungi yake, maana maji ya kunywa yalikaa baridi ndani yake hata mwezi wa tisa, wakati jua la bondeni linapochoma. Siku moja mfinyanzi huyo alipita nyumbani kwetu kudai fedha zake, akaomba maji. Jirani yetu aliyekuwa akipeta mchele barazani akanivuta kando, akaninong'oneza: "Mpe katika kopo lile la zamani. Usimtilie katika kikombe cha watu." Nikafanya kama nilivyoambiwa. Maji yale niliyateka katika mtungi ambao mama yule aliufinyanga kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa mimi ni mwalimu, na jambo hilo halijanitoka moyoni. Nimelisimulia kwanza, wasomaji wapenzi, kwa sababu nataka kuandika habari za Watwa, na si haki kuziandika kana kwamba sisi jirani zao hatukuwapo.

Tuanze na majina. Sisi twawaita Watwa. Kule Ituri huitwa Wambuti, na upande wa Kalemie, kusini ya kwetu, Wambote. Watu wa Pwani waliwaita Mbilikimo, na Wazungu walichukua neno la Kiyunani lenye maana ya kipimo cha toka kiwiko cha mkono hata ngumi. Majina hayo mawili ya mwisho hupima kimo cha mwili tu, kana kwamba mtu ni ubao wa kununuliwa kwa seremala.

Nao si watu wa jana. Zaidi ya miaka 4,200 iliyopita mfalme wa Misri, Pepi wa pili, aliyekuwa bado mtoto, alimwandikia barua mkuu wa safari aitwaye Harkhuf, aliyekuwa akirudi toka nchi za kusini na mtu mfupi hodari wa kucheza ngoma. Mfalme aliamuru mtu huyo alindwe chomboni asianguke majini, na usiku atazamwe mara kumi. Barua hiyo ilichongwa kaburini mwa Harkhuf karibu na Aswan, na hata leo yasomeka. Wengi hudhani ya kuwa mchezaji huyo alitoka katika watu wa misitu yetu. Wataalamu wa siku hizi wanaochunguza urithi wa damu hukadiria kwamba mababu wa watu wa msituni walitengana na mababu wa wakulima zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Mababu wa wakulima, wenye lugha za Kibantu, walianza kuenea toka mipaka ya Kameruni na Nigeria yapata miaka 4,000 au 5,000 tu iliyopita. Basi Wafuliru, Wavira, Wabembe, Warega na Washi walipofika katika nchi hizi, na mimi nikiwa mmoja wa wajukuu wao, walimkuta mwenyeji.

Wageni hao na wenyeji waliishi kwa kubadilishana. Mtwa alileta nyama, asali na ngozi. Mkulima alitoa ndizi, chumvi na chuma cha mikuki. Kwa kukaa karibu hivyo, Watwa wa Kivu walizoea kusema lugha za jirani zao, kama Kishi, Kihavu na Kitembo. Hapakuwa na usawa, maana mkulima alipenda kusema "Watwa wangu", kama asemavyo juu ya mbuzi wake. Lakini kwa Wanyanga, kaskazini ya kwetu, mwami hakusimikwa bila Watwa kutimiza kazi yao katika sherehe ile. Nionavyo mimi, huko kulikuwa kukiri mbele ya watu wote ya kuwa nchi ilikuwa na mwenyewe kabla ya mwami.

Maisha yao ya msituni yameandikwa zaidi juu ya Wambuti wa Ituri. Mwaka 1929 alifika huko Padri Paul Schebesta, wa Shirika la Neno la Mungu, akakaa nao katika mago yao, akaandika vitabu vingi juu ya mila na dini yao. Baadaye Mwingereza Colin Turnbull aliishi nao karibu na Epulu, akatoa kitabu chake mwaka 1961. Yaliyomo yanafaa kujulikana na watoto wetu. Ago la Wambuti ni vibanda vya fito na majani mapana, na wajenzi ni wanawake. Mke akigombana na mume aweza kuanza kung'oa majani ya kibanda, na ago zima likajua kuna neno. Katika kuwinda, kila mtu wa nyumba ana kazi. Waume huunganisha nyavu zao nusu duara msituni kimya kimya. Wake na watoto huja toka upande wa pili wakipiga kelele, na paa hukimbilia nyavuni. Nyama hugawanywa, na mchoyo huchekwa hata aone haya. Wakati wa asali kazi nyingine hupungua. Mwanamume hupanda mti mrefu na moto wa moshi ili kuwatuliza nyuki, na walio chini hungoja wakiimba.

Juu ya msitu wenyewe husema kama watoto wasemavyo juu ya baba na mama. Ikitokea mauti au windo likikosekana siku nyingi, hawasemi ya kuwa msitu umewachukia. Husema umelala. Basi huimba usiku kucha, usiku baada ya usiku, ili kuuamsha.

Sasa turudi karibu na kwetu. Ukitoka Uvira hufuata bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola, kisha hupanda miteremko ya Ngomo hata Bukavu. Magharibi ya mji huo yasimama milima miwili, Kahuzi na Biega, volkano za kale zilizozimika. Kahuzi una mita 3,308. Huo ulikuwa msitu wa Watwa. Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji iliufanya hifadhi, lakini Watwa wakabaki ndani. Tarehe 30 Novemba 1970 ukawa hifadhi ya taifa, hekta 60,000, kwa ajili ya kuwalinda gorila. Mwaka 1975 mipaka ikapanuliwa hata hekta 600,000. Katika miaka hiyo Watwa, maelfu ya watu, walitolewa. Hawakupewa nchi nyingine wala fidia. Aliyewinda jana kwa haki, leo akaitwa mwizi wa wanyama.

Hapa kuna jambo linalonisumbua kila nilifikiripo. Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyeianzisha hifadhi hiyo, aliwafikia gorila kwa kuongozwa na Watwa. Wao ndio waliojua kusoma unyayo, jani lililotafunwa, na kitanda cha majani alicholalia mnyama jana. Wageni wa nchi za mbali walikuja kupiga picha, na mwaka 1980 UNESCO iliandika Kahuzi-Biega katika orodha ya urithi wa dunia. Elimu ile ya kusoma unyayo haikuandikwa katika orodha yoyote.

Na gorila je, walipona kwa sababu Watwa wametolewa? Kabla ya vita vya miaka ya 1990 kumaliza kazi yake, hesabu ya gorila wa namna hiyo katika mashariki ya Kongo ilikuwa karibu 17,000. Hesabu iliyotolewa mwaka 2021 ilipata karibu 6,800. Waliowamaliza ni watu wenye bunduki, na wachimbaji wa koltani waliohitaji nyama.

Mnamo Oktoba 2018 baadhi ya familia za Watwa zilichoka kungoja, zikarudi hifadhini. Yaliyofuata ni ya huzuni: mapigano, vijiji kuchomwa, Watwa na walinzi wa hifadhi kuuawa. Miti mingi pia ilikatwa kwa makala, na sitaficha ya kuwa Watwa wengine walishiriki biashara hiyo pamoja na wafanya biashara wa nje. Mtu aliyenyang'anywa shamba kwa miaka arobaini hulirudia akiwa na njaa. Kesi yao ilipelekwa mwaka 2015 mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyo Banjul nchini Gambia. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2024 uliwapa haki Watwa: warudishiwe nchi yao, walipwe fidia, na serikali iombe radhi. Kabla yake, tarehe 15 Julai 2022, Kongo ilikuwa imetia sahihi sheria namba 22/030 ya kuwalinda watu hawa na haki zao.

Wako pia Watwa ambao misitu yao haikutwaliwa na hifadhi, bali iliisha kwa shoka na jembe, karne baada ya karne, hasa Rwanda na Burundi. Hao ndio waliogeukia udongo. Lakini siku hizi bidoni za plastiki na sufuria za madini zimejaa masoko yote, na baadhi ya mabonde walikochimba udongo yamekuwa mashamba ya mpunga. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Siku hizi hata hilo gae ni shida kulipata.

Juu ya milima iliyo magharibi ya Uvira yetu kuna msitu wa Itombwe, ambamo Watwa wanaishi pamoja na Wabembe, Wanyindu, Wafuliru na wengine. Mwaka 2006 amri ilitolewa Kinshasa kuufanya hifadhi, na wenyeji hawakuulizwa. Nilidhani yatakuwa yale yale ya Kahuzi. Haikuwa hivyo. Wenyeji walilalamika, watu wakaketi kijiji kwa kijiji, wazee wakaonyesha mahali pa kuwinda, mashamba na makaburi, na hayo yakachorwa katika ramani. Mipaka ilikubaliwa mwaka 2016. Tena amri ya mwaka 2014 yaruhusu jamii yoyote ya wenyeji kuomba msitu wake mpaka hekta 50,000, bila kununua na bila ukomo wa miaka. Lakini hapana budi ombi liwe la maandishi, na liwe na ramani.

Katika darasa langu yumo mvulana wa Kitwa toka upande huo wa Itombwe. Siku za kwanza aliketi peke yake kwenye dawati la nyuma. Sasa wanaketi watatu, kwa amri yangu hapo mwanzo, na baadaye kwa kupenda kwao. Baada ya likizo ya Pasaka alinionyesha daftari aliloandika kwa kalamu ya risasi: majina ya vijito, mabonde, na miti mikubwa ya asali, kila moja na njia ya kulifikia, yote toka kinywani mwa babu yake. Niliyatafuta vijito hivyo katika ramani ya shule, nisivione. Alikuwa amefika jina la hamsini na tatu, akaniambia ya kuwa babu yake bado hajavuka mto wa pili.