Saa ya Umri Ndani ya Misonobari: Jeni na Homoni Zinazoleta Koni

Miti ya jamii ya misonobari haichanui maua wala haizai matunda, bali hubeba mbegu zake zikiwa wazi juu ya magamba ya koni, na ndiyo maana wataalamu wa mimea huiweka katika kundi la mbegu uchi. Koni hizo ni za aina mbili, za kiume zinazotoa chavua na za kike zinazotunza mbegu. Kinachowashughulisha zaidi wanasayansi ni muda ambao mti huchukua kabla ya kuzaa koni ya kwanza, kwa kuwa msprusi wa Ulaya ya kaskazini, ujulikanao kitaalamu kama Picea abies, huweza kupitisha miaka 20 au zaidi bila kuzaa, ilhali kila jitihada ya kupata kizazi bora cha miti hiyo hungoja koni.

Sehemu kubwa ya jibu imetoka kwa mti wenye hitilafu ya kurithi. Nchini Sweden ipo aina ya msprusi iitwayo acrocona, ambayo huota koni kwenye ncha za matawi, mahali ambapo msprusi wa kawaida huota chipukizi la majani tu, na baadhi ya watoto wake huanza kuzaa wakiwa bado miche. Kuitafuta hitilafu hiyo hakukuwa kazi nyepesi, kwani jenomu ya msprusi, yaani jumla ya maagizo yake ya urithi, iliyochapishwa mwaka 2013, ina herufi za kikemia zipatazo bilioni 20, zaidi ya mara sita ya zile za binadamu. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba badiliko limo katika jeni iitwayo SPL1.

Ili jeni ifanye kazi, nakala ya maagizo yake, iitwayo RNA mjumbe, lazima isomwe na kugeuzwa kuwa protini. Katika mimea michanga kuna vipande vidogo vya RNA, kimojawapo kikiitwa miR156, ambavyo hujibandika kwenye nakala za jeni za SPL na kuzinyamazisha, na kadiri mmea unavyozidi kukua kiasi cha miR156 hupungua hadi jeni hizo zinapata uhuru wa kuamuru uzazi. Katika acrocona, pale hasa ambapo kipande hicho hujibandika pamebadilika, hivyo kizuizi hakishiki, na miti iliyorithi badiliko hilo kutoka pande zote mbili ndiyo iliyozaa mapema. Ugunduzi huu una uzito wa pekee, kwa sababu utaratibu huohuo huongoza uchanuaji wa mimea ya maua, ambayo nasaba yake ilitengana na ya misonobari yapata miaka milioni 300 iliyopita. Yaelekea, basi, saa hii ya umri ilikuwapo kabla ya ua la kwanza kuchanua duniani.

Homoni nazo zina sehemu yake, na iliyo kuu ni jiberelini, ambayo athari yake ilitambuliwa mwaka 1926, mtaalamu wa Kijapani Eiichi Kurosawa alipochunguza kuvu inayofanya miche ya mpunga irefuke kupita kiasi. Jiberelini ziko za aina nyingi, na miti haiitikii zote kwa namna moja. Familia ya misaiprasi, ambamo umo pia mtarakwa wa milima ya Afrika Mashariki, huitikia vizuri ile ya namba 3, kiasi kwamba hata miche michanga sana huweza kuota koni, lakini familia ya misonobari na misprusi huhitaji mchanganyiko wa namba 4 na 7. Ukame, joto na kukatwa kwa mizizi huongeza nguvu ya homoni hiyo inapotiwa mitini kama dawa, hivyo mti uliosheheni koni huenda ukawa ni mti ulioteseka, jambo ambalo wapita njia wengi hulidhania kuwa dalili ya afya.

Wakati wa kuchoma sindano ya homoni ndio unaoamua mafanikio. Katika msprusi hatima ya chipukizi, kuwa tawi au koni, huamuliwa katika kiangazi cha mwaka unaotangulia, na dawa inayotiwa baada ya hapo haiwezi kuongeza koni za msimu unaofuata.