SOMO LA AFYA: KUPUMZIKA JIONI BILA KUTAFUNATAFUNA WALA KUKODOLEA SIMU

(Ngoma kidogo, kisha sauti ya mwalimu.)

Msimamizi wa darasa, tafadhali angalia kama kila mtu amepata mahali pa kukaa, na kama walio nyuma wanasikia vizuri.

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Leo twatoka jikoni, twakaa barazani. Twataka kujua namna ya kupumzika baada ya kazi. Labda mmoja wenu atacheka na kusema, "Je, hata kupumzika kunafundishwa?" Naam, kunafundishwa. Wako watu wengi wanaokaa jioni nzima bila kazi, na asubuhi huamka wamechoka kuliko jana.

UCHOVU SI WA NAMNA MOJA

Tuchukue mifano mitatu. Mkulima amepalilia tangu alfajiri. Mikono, miguu na mgongo vimechoka, lakini akili yake bado ina nguvu. Mwenye duka amekaa kutwa nyuma ya meza akihesabu fedha na madeni. Akili imechoka, lakini miguu haikufanya kazi. Fundi wa cherehani ameinama tangu asubuhi. Macho yamechoka na shingo imekaza.

Je, watu hawa watatu wapumzike kwa njia moja? Hapana. Shikeni kanuni hii, maana ndiyo kiini cha somo letu: kilichochoka kipumzishwe, na kilichokaa bure kifanye kazi. Mkulima na akae, anyooshe mgongo, azungumze na watu. Mwenye duka na atembee. Fundi na ainue macho, atazame mbali.

KUTAFUNA NA SIMU HUTUDANGANYA

Sasa tutazame yale ambayo wengi wetu hufanya. Mtu amerudi nyumbani. Anaketi na karanga za chumvi, au chipsi, au soda baridi. Mkono wa pili umeshika simu. Mdomo unatafuna, macho yanakodoa. Saa nne inapita, saa tano inapita. Yeye husema anapumzika.

Mwenye njaa na ale. Chakula cha jioni si kosa. Lakini mara nyingi kinachotafuna si njaa, bali ni uchovu au upweke. Soda ya mililita 300 huweza kuwa na gramu 30 hivi za sukari, yaani kama vijiko saba vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu zote tunazopata katika chakula. Kwa watu wazima wengi hiyo ni kama gramu 50 kwa siku. Soda mbili tu zimekwisha pita hapo, na chai ya asubuhi hatujaihesabu. Sukari ikizidi miaka na miaka, unene huongezeka, na pamoja nao hatari ya kisukari. Chumvi ikizidi, hupandisha shinikizo la damu.

Simu nayo si adui. Kwa simu twatuma fedha na twapata habari za watoto walio mbali. Hata somo hili wengine wanalisikiliza kwa simu. Shida ni kuikodolea usiku. Kwanza, huleta habari za kutisha na ugomvi wa watu usiowajua, na moyo hupanda. Pili, mwanga wake huingia machoni na kuuambia ubongo kwamba bado ni mchana. Basi ubongo huchelewa kuuandaa mwili kulala.

MWILI UNAVYOTULIA

Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Mtu akiona nyoka, tezi hizo hutoa adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi huenda haraka, misuli hukaza. Hayo ni mema, maana humsaidia kukimbia. Lakini mwili hautofautishi sana nyoka na deni. Mtu akiwaza ada ya shule ya mtoto, moyo hupiga mbio vilevile, naye hana pa kukimbilia. Kwa hiyo yatupasa kuuambia mwili kwamba hatari imepita. Lugha ambayo mwili huielewa upesi ni pumzi.

Tujaribu pamoja. Wekeni kidole cha shahada na cha kati juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba. Tafuteni mapigo ya moyo. Mmeyapata? Sasa vuteni pumzi polepole kwa pua, mkihesabu moja mpaka nne. Itoeni polepole zaidi, mkihesabu moja mpaka sita. Rudieni.

(Kimya kwa dakika moja.)

Wengi wenu mmesikia kwamba mapigo hupungua kasi kidogo wakati wa kutoa pumzi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa kuhesabu hivi mmevuta mara sita tu. Fanyeni hivyo kwa dakika tano kila jioni. Hakuna gharama. Mkisikia kizunguzungu, acheni na mvute pumzi kama kawaida.

MAMBO YA KUFANYA JIONI

La kwanza ni kutembea. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima autumikishe mwili wake kwa wastani dakika 150 au zaidi kila wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Mkulima amekwisha zipata shambani. Mwenye duka hajazipata. Basi na aende kumjulia hali jirani kwa miguu.

La pili ni bao. Wengine hudharau bao na kuliita mchezo wa wasio na kazi. Lakini tazameni lilivyo. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32. Kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi barazani pake na 22 za kuingiza moja moja. Anayehesabu kete zitakazofika wapi hana nafasi ya kuhesabu madeni. Mkono unafanya kazi nyepesi, macho yanatazama ubao na uso wa mwenzake, na watazamaji wanatania. Ukikosa ubao, chimba mashimo mchangani na okota kokoto. Wanawake na wacheze pia. Ila msicheze kwa fedha, maana hapo wasiwasi hurudi.

La tatu ni hadithi na vitendawili. Mzee mmoja akisema "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", nyumba nzima hukusanyika. Mkulima aliyechoka mwili na azitoe, maana hadithi haihitaji miguu. Watoto watapata lugha, na mzee hatakaa peke yake.

La nne ni kazi ya mikono isiyo na haraka, kama kusuka ukili au kufuma kitambaa. Mikono yenye kazi haifikii sahani ya karanga. Lakini fundi wa cherehani asifanye hili. Mikono na macho yake yamekwisha choka.

Neno juu ya kahawa. Barazani kahawa hunoga kwa mazungumzo, lakini nusu ya kafeini yake huweza kubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Uliyekunywa saa mbili usiku, saa saba bado unayo nusu. Mkae barazani, lakini kahawa inyweni mapema.

NA MAMA JE?

Hapa nawaomba kina baba wanisikilize. Mama naye ametoka shambani au sokoni. Wengine wakikaa barazani, yeye huchota maji, huwasha moto, hupika, huosha vyombo, hulaza watoto. Mapumziko yake yataanza saa ngapi? Kumwambia mama huyu avute pumzi polepole bila kumpokea ndoo ni maneno matupu. Baba akiteka maji na vijana wakiosha vyombo, kazi huisha mapema na wote hukaa pamoja. Mapumziko ya mmoja yasiwe mzigo wa mwingine.

USINGIZI NA MASOMO YENU

Ninyi mna sababu moja zaidi. Mnajifunza kusoma na kuandika baada ya kazi za kutwa. Ubongo huyapanga na kuyashika uliyojifunza wakati ukilala. Mtu mzima ahitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Ukikesha na simu, silabi ulizozisumbukia darasani hazipati nafasi ya kukaa. Kesho utasema, "Mimi ni mzee, kichwa changu kigumu." Kumbe kichwa si kigumu, hakikulala. Nusu saa kabla ya kulala, weka simu mbali na kitanda, oga, punguza taa.

Lakini wewe uliyepumzika na bado uchovu hauondoki kwa wiki kadhaa, au usingizi hauji, au una kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, nenda zahanati ukapimwe damu na shinikizo la damu. Usingoje uzidiwe.

Basi, ndugu zangu, jiulizeni kila jioni: leo kipi kimechoka, na kipi kimekaa bure? Mkilijua hilo, mtajua la kufanya. Kwaherini, na mlale salama.

(Ngoma kidogo.)

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Katika kazi yako, nini huchoka zaidi: mwili, macho au akili?
2. Je, jana jioni ulikula kwa njaa au kwa uchovu? Ulijuaje?
3. Nani hulala wa mwisho nyumbani kwenu? Kazi ipi aweza kusaidiwa?
4. Ni michezo gani ya wazee wenu ambayo watoto wa sasa hawaijui?

KAZI YA KUANDIKA

Soma kwa sauti, kisha andika: pumzi, baraza, kete, usingizi. Tunga sentensi moja kwa kila neno. Andika pia jambo moja utakalofanya kesho jioni, na umsomee mtu wa nyumbani kwako.