Tochi ya Mfukoni Ipimwe kwa Saa na kwa Maji

Tochi ndogo ya mfukoni ni kitu ambacho aghalabu hakijadiliwi vikaoni wala hakitajwi katika hotuba. Mtu huinunua dukani pamoja na sabuni na kibiriti, akaitia mfukoni na kuisahau mpaka giza litakapomshukia. Hapo ndipo anapojua kama alinunua taa au alinunua ganda tupu. Kwa kuwa jambo hili linawagusa wakaazi wote wa visiwa vyetu, tumeonelea leo tulizungumze kwa kirefu kidogo.

Hatuna haja ya kukumbushana thamani ya taa. Mwaka 2008 kisiwa cha Unguja kilikaa bila ya umeme kwa muda wa karibu mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa tena gizani kwa miezi mitatu, baada ya kuharibika njia ya umeme inayotoka Bara kupitia chini ya bahari. Tangu hapo Pemba imepata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya wa pili, wa megawati 100, mwaka 2013. Hayo ni maendeleo ya kushukuriwa. Hata hivyo, waya wa baharini haumuliki njia ya kuendea kisimani, wala haumfuati mvuvi anapotoka usiku, wala mkunga anayeitwa saa nane za usiku.

Tatizo letu ni kwamba tochi huuzwa kwa sifa moja tu, nayo ni ukali wa mwanga. Sanduku huandikwa maelfu ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, na mnunuzi akavutika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu anayetafuta ufunguo wa mlango au anayepita kichochoroni anatosheka na lumeni chache mno. Maswali yaliyo bora ni mawili: itawaka saa ngapi, na ikiingia majini itakuwaje?

Tuanze na saa. Visiwa vyetu viko karibu na ikweta, na usiku wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Tochi ya kutegemewa ni ile ambayo, kwa mwanga wake mdogo, itavuka usiku huo bila ya kuzimika. Lakini tujihadhari na maandishi. Kwa kiwango cha Marekani kiitwacho FL 1, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009 na kufuatwa na watengenezaji wengi, muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga unaposhuka hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Basi tochi iliyoanza na lumeni 500 bado inahesabiwa kuwa inawaka ilhali imebakiwa na 50. Njia nyepesi ya kuipima ni kuiwasha baada ya sala ya Magharibi na kuitazama kila baada ya muda mpaka alfajiri.

Ama maji, alama ya IPX4 maana yake ni kuwa tochi inastahamili kurushiwa maji tu, na IPX7 ni kuwa inaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kwa mtu wa pwani hii ya pili ndiyo inayofaa. Lakini hata tochi hiyo huliwa na chumvi ikiachwa bila ya kutunzwa. Ikishaingia bahari, na isuuzwe kwa maji baridi, ifutwe na ianikwe kivulini.

Betri nazo zina hila zake. Zipo betri za lithiamu, zenye unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, zinazoandikwa mAh 9,900. Ukweli ni kwamba betri halisi za ukubwa huo hazifikii hata nusu ya kiasi hicho. Mwenye kukaa mbali na mji atafadhilika zaidi kwa tochi inayotumia betri za kawaida zipatikanazo katika duka la kijijini, mradi azitoe wakati haitumiki, zisije zikavuja na kuharibu vyuma.

Wako watakaosema kuwa simu ya mkononi ina taa yake. Ni kweli, lakini simu iliyomaliza chaji kwa kumulika haitaweza tena kuita msaada.

Na hapa tunafika penye uzito wa jambo lenyewe. Kanuni za kimataifa za usalama baharini zinataka boti ya kuokolea iwe na tochi isiyopenya maji, inayofaa kutoa ishara, pamoja na betri za akiba; na taa ya jaketi la kujiokolea iwake kwa muda usiopungua saa 8. Waliozitunga kanuni hizo walijali saa na maji. Sisi tunajua kwa nini. Meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi, ikielekea Pemba, na mamia ya ndugu zetu wakapoteza maisha. Hatudai kwamba tochi ingeliizuia meli ile isizame. Tunachosema ni kuwa kichwa cha mtu hakionekani kizani baina ya mawimbi, na mwanga mdogo huonekana kutoka mbali.

Kwa hivyo tunawaomba wahusika wa viwango wazipime tochi zinazoingia bandarini kwetu, na wahakikishe kuwa kilichoandikwa ndicho kilichomo. Tunawaomba pia wakaguzi wa vyombo vya baharini, wanapohesabu majaketi, waziwashe na tochi na kuzitia majini. Tochi iliyokufa ndani ya sanduku la vifaa vya kuokolea ni sawa na jaketi lililotoboka, na mahali pa kuigundua ni bandarini, mchana, kabla ya nanga kung'olewa.