Je, Wajua? Ghorofa 81 Zilizoota Shambani

Kaa vizuri, msomaji, leo tunakwenda Canada! Je, wajua kwamba kuna jiji la watu zaidi ya 700,000 ambalo katikati yake palikuwa mashamba matupu? Ni Mississauga, jirani wa Toronto, ukingoni mwa Ziwa Ontario. Oktoba 3, 1973 jengo la maduka la Square One lilifunguliwa huko shambani, na Januari 1, 1974 Mississauga ikapewa hadhi ya jiji. Maduka yalitangulia, jiji likafuata!

Na Pearson, uwanja mkubwa wa ndege wa Toronto, unajua uko wapi? Sehemu yake kubwa haimo Toronto kabisa, imo Mississauga.

Sasa tazama makao makuu ya jiji hilo, yaliyofunguliwa mwaka 1987. Wasanifu wake, Jones na Kirkland, walichora shamba! Jengo kuu lina paa la banda la mifugo, ukumbi wa madiwani ni wa mviringo mfano wa ghala la nafaka, na mnara wa saa umesimama mahali ambapo mkulima angeweka kinu cha upepo. Madiwani wanapitisha bajeti ndani ya ghala. Nani kasema majengo ya serikali lazima yachoshe macho?

Umewahi kumsikia Hazel McCallion? Alichaguliwa kuwa meya wa Mississauga mwaka 1978, akakaa miaka 36 mfululizo, akang'atuka akiwa na miaka 93! Ujanani alicheza mpira wa magongo kwenye barafu huko Montreal, akilipwa dola 5 kwa mechi.

Mwaka wake wa kwanza tu kazini, Novemba 10, 1979, treni ya mizigo iliyobeba klorini iliacha reli na kulipuka. Watu zaidi ya 200,000 walihamishwa, na hakufa hata mmoja. Mama huyo alitegua kifundo cha mguu katikati ya pilikapilika hizo, akaendelea kuchechemea kwenda kuwapa waandishi taarifa. Chini ya uongozi wake nyumba zilienea hadi mashamba yakaisha. Ardhi ya kutambaa ilipokwisha, jiji likaanza kupanda juu.

Na lilivyopanda, we! Mwaka 2006 shindano la kuchora ghorofa la makazi lilichukuliwa na Ma Yansong, msanifu wa Beijing, kijana wa takriban miaka 30. Kila sakafu ya jengo lake ina umbo la duaradufu, na imezungushwa kidogo juu ya ile ya chini, kama nguo inayokamuliwa. Ukifika ghorofa ya 56, jengo limegeuka nyuzi 209! Roshani inazunguka kila sakafu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ukitoka sebuleni unaweza kukutana na upepo upande mmoja na jua upande wa pili. Wenyeji wakalipa jina la mwigizaji wa filamu Marilyn Monroe. Fleti zilinunuliwa kwa kasi kiasi kwamba likaagizwa na la pili, la ghorofa 50, na yote mawili yakakamilika mwaka 2012.

Unadhani hapo ndipo kileleni? Bado! Jirani na hapo limeinuka M3, lenye ghorofa 81 na urefu wa mita 260. Jengo la Britam la Upper Hill, Nairobi, lina mita 200. Weka juu yake jengo jingine la mita 60 ndipo uifikie M3, nayo ni nyumba ya watu kulala na kupika, tena pembeni mwa Toronto.

Sasa shika hili, maana ndilo lililonishangaza kuliko yote. Sensa ya mwaka 2016 ilihesabu watu 721,599 Mississauga. Sensa ya 2021, winchi zikiwa zimejaa angani, ikahesabu 717,961. Watu walipungua! Ghorofa zilikuwa zinajaa katikati ya jiji, huku jiji zima likipungukiwa na watu 3,638.

Na yale maegesho makubwa yanayozunguka Square One? Mpango uliotangazwa mwaka 2020 ni kujenga minara 37 kwenye eneo la hekta 53 hivi, lenye nyumba zaidi ya 18,000. Mahali palipolala magari, watalala watu. Mimi naupenda mpango huu waziwazi!

Treni nayo inakuja. Reli ya umeme ya kilomita 18, yenye vituo 19, inajengwa kupita katikati ya barabara ya Hurontario. Februari 14, 2022, siku McCallion alipotimiza miaka 101, ikapewa jina lake. Kumbuka ni barabara ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mali ya magari.

Lakini ngoja nikuulize, msomaji. Ghorofa zikiwa ndefu, watu hutembea zaidi? Sivyo hata kidogo, na ushahidi uko Tysons, mji wa maghorofa ulio nje kidogo ya Washington, Marekani. Kabla treni haijafika mwaka 2014, palikuwa na wafanyakazi wapatao 100,000, wakazi wasiofika 20,000, na nafasi za kuegesha magari 167,000! Hesabu mwenyewe: wafanyakazi wote na wakazi wote wangekuja kila mmoja na gari lake, na nafasi zaidi ya 40,000 zingebaki wazi.

Na kwa nini ghorofa zilikimbilia huko nje? Sababu mojawapo ni sheria ya mwaka 1910! Ndani ya Washington jengo haliruhusiwi kupita upana wa barabara iliyo mbele yake ukiongeza futi 20, na kwenye mitaa mingi ya biashara mwisho kabisa ni futi 130, yaani kama mita 40. Kwa hiyo mji mkuu wa Marekani ni mfupi, na viunga vyake ndivyo virefu. Na tukirudi kwenye kutembea, Nairobi takriban safari 4 kati ya 10 hufanywa kwa miguu. Tysons ingetoa nini kuipata namba hiyo!

Siri nyingine iko chini ya soli zako: urefu wa upande wa mraba mmoja wa majengo, kutoka mtaa hadi mtaa. Katikati ya Portland, Oregon, ni mita 61 tu. Salt Lake City, iliyopimwa na Wamormoni mwaka 1847, ni mita 201! Ndani ya mraba mmoja wa Salt Lake unaweza kutia miraba 9 ya Portland. Miji yote miwili ni ya Marekani, lakini mmoja unakupa kona ya kukata kila dakika, na mwingine unakutembeza ukutani hadi ukumbuke gari.

Unapovuka barabara, je, wajua kwamba kuna mtu alishakuhesabia mwendo? Mwongozo wa taa za barabarani wa Marekani ulikuwa ukidhani mtu anavuka mita 1.2 kwa sekunde. Mwaka 2009 ukashushwa hadi mita 1.07, kwa kuwa wazee wanaongezeka. Barabara ya njia sita yenye upana wa mita 21 unahesabiwa sekunde 20 hivi. Bibi mwenye mkongojo na kikapu, je?

Na upepo! Hewa inayovuma juu ikikutana na ukuta mrefu, hukosa pa kwenda, ikaporomoka hadi chini na kupita kwa nguvu kwenye kona za jengo, pale pale unapopita wewe. Huko Leeds, Uingereza, jengo la Bridgewater Place lina mita 112 tu, lakini mwaka 2011 upepo wa hapo uliangusha lori likaua mpita njia. Baada ya hapo barabara ikawa inafungwa siku za upepo mkali, na mwishowe vikajengwa vikinga upepo vikubwa juu ya barabara. Ukisikia mtu anadai upimaji wa upepo kabla ya ghorofa kujengwa ni kupoteza fedha, msimulie Leeds.

Na kuhusu magari, Wafaransa wao walifanya nini? La Défense, mji wa minara ulio nje ya mipaka ya Paris, waliujenga sakafu mbili: barabara na treni chini, watu juu. Sakafu hiyo ya waenda kwa miguu ina hekta 31, na hakuna gari hata moja linalokukata njia.

Hili litakufurahisha. Mtu aliyebuni jengo la maduka la kisasa, lenye paa na hewa ya kupozwa, hakuyapenda magari! Ni Victor Gruen, aliyewakimbia Wanazi kutoka Vienna mwaka 1938. Alipojenga Southdale huko Edina, Minnesota, mwaka 1956, alitaka pawe katikati ya mji wa kutembea, pakizungukwa na nyumba, shule na bustani. Yakajengwa maduka, pakazungushwa maegesho. Mwaka 1968 akarudi kwao Vienna, na mwaka 1976 jengo kubwa la maduka likafunguliwa nje kidogo ya Vienna yenyewe! Kwa hiyo Square One ikizungukwa na nyumba, ni ndoto ya Gruen inayotimia kwa kuchelewa.

Na usifikiri ghorofa ni mambo ya Wazungu. Wahadhrami waliokuja Lamu, Mombasa na Unguja wametoka Yemen, kwenye nchi ya Shibam, mji wa minara ya udongo ya karne ya 16, mingine ikifika mita 30! Kila mnara ni nyumba, ukuta wa mji unazuia kutanuka, na huko juu baadhi ya nyumba zimeunganishwa kwa vivuko ili mtu apite bila kushuka. Hapakuwa na lifti, na hapakuwa na gari.

Mwisho, namba ya kuibeba nyumbani. Jan Gehl, msanifu wa Denmark, anapendekeza maduka 15 hadi 20 katika kila mita 100 za mtaa. Kwa mwendo wa kawaida, jicho linapata kitu kipya kila baada ya sekunde 4 au 5, na miguu haichoki. Mtaa wa Kongo pale Kariakoo unaifaulu hesabu hiyo bila kumsoma Gehl.

Basi fanya hivi, ndugu yangu. Karibu na kwako kuna ghorofa jipya linalopanda, nina hakika. Pita chini yake, piga hatua 130, ambazo ni mita 100 hivi, na uhesabu milango iliyo wazi kwa mpita njia. Ukikuta mmoja tu, tena wa kuingizia magari, nenda ofisi ya mipango miji ukaulize kwa nini, na uulize kabla saruji haijakauka.