Ulemavu Usioonekana na Haki ya Maegesho: Tusimhukumu Mtu kwa Kumtazama Miguu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Tumepokea maswali mawili kutoka kwa ndugu zetu wanaoishi Uingereza. Waulizaji hawajuani, lakini maswali yao yanakutana mahali pamoja, nayo ni ile nafasi ya kuegesha gari iliyochorwa alama ya kigari cha magurudumu. Tumeona bora tuyajibu kwa pamoja ili faida iwe kwa wote.

Swali la kwanza ni la dada yetu mwenye maradhi ya sikoseli tangu utotoni. Maradhi hayo yameshamharibu nyonga, lakini hatumii gongo wala kigari, na mtu akimtazama haoni kasoro yoyote. Halmashauri ya mji anaoishi imempa kadi ya kuegesha kwenye nafasi za watu wenye ulemavu. Ijumaa moja aliegesha katika nafasi hiyo msikitini. Mzee mmoja akamsimamisha mbele ya watu, akamwambia kwamba miguu anayo na anatembea, basi haoni haya kuwanyang'anya vilema haki yao? Alipomuonesha kadi, mzee akajibu kuwa kadi hizo watu huzipata kwa ujanja. Tokea siku hiyo dada hajarudi msikitini. Anauliza: je, amekosa kuegesha pale? Na je, analazimika kumueleza maradhi yake kila anayemuuliza?

Swali la pili ni la kijana ambaye mama yake ni mtu mzima na ana kadi kama hiyo. Kijana ndiye dereva wake. Anapokwenda dukani kumnunulia mama mahitaji, na mama yuko nyumbani, huiweka kadi ile na kuegesha karibu na mlango. Hufanya hivyo pia siku za Ijumaa akichelewa. Anasema anamtumikia mzazi wake. Je, inajuzu?

Kadi yenyewe ni kitu gani

Hukumu ya jambo hufuata kulielewa, kwa hiyo tuanze na kuielewa kadi. Huko Uingereza inaitwa Blue Badge, nasi tutaiita kadi ya buluu. Mpango huu ulianza mwaka 1971, kufuatia sheria iliyopitishwa mwaka 1970 kwa ajili ya wagonjwa wa muda mrefu na watu wenye ulemavu. Zamani kadi ilikuwa ya rangi ya chungwa, ikageuzwa kuwa ya buluu mwaka 2000.

Kadi hutolewa na halmashauri baada ya mtu kuomba na kuonesha ushahidi wa hali yake, na kwa kawaida hudumu miaka 3, kisha huombwa upya. Jambo la msingi ni kwamba kadi ni ya mtu, si ya gari. Mwenyewe anaweza kuitumia akiendesha au akipakiwa katika gari la mtu mwingine. Asipokuwemo safarini, kadi haimfai aliyebaki na gari, na kuitumia ni kosa ambalo faini yake yaweza kufika pauni 1,000.

Tarehe 30 Agosti 2019, masharti ya kadi hii yalipanuliwa nchini England ili kuwabainisha waziwazi wenye ulemavu usioonekana. Humo anaingia mtu ambaye kutembea kunamletea dhiki kubwa ya nafsi, na anaingia ambaye kutembea kwake kunaweza kumletea madhara makubwa yeye mwenyewe au wengine. Kwa hiyo mzazi wa mtoto mwenye usonji, anayeweza kuchomoka mbio katikati ya magari, naye huenda akastahiki kadi kwa ajili ya mtoto wake, hata kama mtoto huyo anakimbia kuliko sisi sote.

Maradhi ambayo jicho haliyaoni

Alama ya kigari iliyochorwa chini imetufanya tudhani kuwa ulemavu ni kigari tu. Lakini mtu anaweza kuwa na moyo dhaifu, mapafu yasiyovuta pumzi vya kutosha, figo zilizoharibika hata akawa husafishwa damu kwa mashine mara kadhaa kwa wiki, au maradhi ya matumbo yanayomlazimisha kukimbilia choo bila ya taarifa. Huyu hutembea hatua kumi vizuri, na hatua ya mia ikamlaza chini.

Sikoseli sisi watu wa Afrika Mashariki tunapaswa kuwa wa mwanzo kuielewa, maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo. Chembechembe nyekundu za damu hubadilika umbo zikawa kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo, na sehemu isiyofikiwa na damu ikauma maumivu makali. Baridi, kiu na kujichosha vinaweza kuyaamsha maumivu hayo. Damu isipofika kwenye kichwa cha mfupa wa nyonga, mfupa hufa taratibu. Mgonjwa huyu leo utamuona anacheka harusini, na kesho yuko wodini. Siku ya kucheka haifuti siku ya wodi.

Sheria yetu inautambua udhuru wa siri

Wengine hudhani kuwa haya ni mambo mapya ya Wazungu. Sivyo. Katika Sura An-Nur aya ya 61 na Sura Al-Fat-h aya ya 17, Mwenyezi Mungu anawaondolea lawama watu watatu: kipofu, kiguru na mgonjwa. Wawili wa mwanzo udhuru wao huonekana. Wa tatu ametajwa pamoja nao, katika safu moja, na mgonjwa mara nyingi hajulikani ila kwa kauli yake.

Sahaba Imran bin Huswain (R.A) alikuwa na bawasiri. Alimuuliza Mtume (S.A.W) kuhusu swala, naye akamuelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza akae, na asipoweza alale ubavu. Hadithi hii imepokewa na Bukhari. Tuzingatie maradhi yenyewe: bawasiri haionekani na mtu wa safu ya nyuma. Angekuja leo Imran katika msikiti wetu akaswali kwa kukaa, wangapi wangenong'ona kuwa mtu mzima mwenye miguu miwili anafanya uvivu mbele ya Mola wake?

Nao mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wameugawa udhuru wa kuacha Ijumaa katika udhuru ulio dhahiri na udhuru uliofichika. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj, kitabu tunachosomesha madrasa zetu, kuwa wenye udhuru wanaoswali Adhuhuri kwa jamaa waifiche jamaa yao ikiwa udhuru wao umefichika, wasije wakatuhumiwa. Hapa tunapata mambo mawili. Udhuru uliofichika ni udhuru kamili, hukumu yake haipungui. Na wanazuoni walijua tokea karne hizo kuwa watu watamdhania vibaya mwenye udhuru huo, wakatafuta njia ya kumkinga.

Jawabu la swali la kwanza

Dada yetu, hukukosa. Umeegesha mahali ulipopewa haki ya kuegesha, kwa udhuru wa kweli na kwa njia ya halali. Rudi msikitini kwako, wala usiiache nyumba ya Mwenyezi Mungu kwa sababu ya ulimi wa mtu.

Huna wajibu wa kumsimulia maradhi yako kila anayekuuliza. Siri ya mwili wako ni yako. Wenye mamlaka ya kuikagua kadi, kama askari na wasimamizi wa maegesho waliopewa kazi hiyo, waoneshe. Wengine iwatoshe kuiona kadi kiooni.

Hata hivyo tunakunasihi uiweke mahali inapoonekana vizuri. Mtume (S.A.W) alipokuwa akimsindikiza mkewe Safiyya (R.A) usiku, wakapita watu wawili wa Ansari, aliwaambia kuwa yule ni Safiyya, ili shetani asiwatie dhana mbaya nyoyoni mwao. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Kuondoa shaka kwa neno moja au kwa kadi iliyowekwa wazi ni katika mwenendo wake. Lakini kuondoa shaka ni jambo moja, na kuhojiwa kama mshitakiwa ni jambo jingine.

Jawabu la swali la pili

Kijana wetu, Mwenyezi Mungu akulipe kwa kumtumikia mama yako. Lakini ulilolifanya halijuzu. Kadi amepewa mama yako kwa ajili ya mwili wake, si kwa ajili ya orodha yake ya manunuzi. Akiwa nyumbani amekaa, miguu inayotembea dukani ni yako, nayo ni mizima. Aliyepewa ruhusa kwa masharti kisha akavuka masharti, ameingia katika jambo asiloruhusiwa, na Waislamu wanafungwa na masharti yao kama ilivyokuja katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi.

Kuna na dhara kwa mwenzio. Nafasi zile kwa kawaida hufanywa pana, zikaongezwa kiasi cha mita 1.2 ubavuni, ili mlango ufunguke wote na kigari kipite. Ukiijaza wewe, mwenye kigari hawezi kwenda kuegesha pembeni kama wewe. Atarudi nyumbani. Umechukua hatua hamsini za raha yako, ukamlipisha yeye safari nzima.

Hukumu hii inawahusu pia wasio na kadi kabisa, wanaosema Ijumaa kuwa ni dakika kumi tu. Uwanja wa msikiti ni waqfu na duka lina mwenyewe, na aliyetengewa nafasi ile si wewe. Swala yako inasihi, lakini madhambi ya kumzuilia mtu haki yake yanabaki. Na linalosikitisha zaidi ni kuyachuma madhambi hayo ukiwa njiani kwenda kuswali.

Kukataza maovu kuna adabu zake

Tumwendee sasa yule mzee, maana naye ni mzee wetu. Hatudhani kuwa alikusudia ubaya. Huenda aliona watu wazima wa miguu wakizichukua nafasi zile kila wiki, akaingiwa na ghera. Ghera hiyo ni njema, lakini imekosa elimu na imekosa adabu.

Sura Al-Hujurat aya ya 12 imetuamrisha kujiepusha na dhana nyingi na imekataza kupelelezana. Usama bin Zaid (R.A) alipomuua vitani mtu aliyekwishatamka shahada, akidhani kuwa ameitamka kwa hofu, Mtume (S.A.W) alimkemea kwa kumuuliza kama alikipasua kifua cha mtu yule akaona kilichomo moyoni. Ikiwa hilo ni uwanja wa vita, vipi uwanja wa magari?

Nasi wenyewe hatukusalimika. Miaka ya mwanzo ya kusomesha, tulikuwa na mwanafunzi akiswali kwa kukaa, tukamwambia mbele ya wenzake kuwa kijana haswali kama mkongwe. Alinyamaza. Baadaye baba yake akatueleza kuwa mwana ana maradhi ya moyo na ametakiwa asijichoshe. Tulimuomba radhi mbele ya wale wale tuliomuaibisha mbele yao. Alitusamehe, lakini sura yake siku ile hatujaisahau.

Basi ukiona gari katika nafasi hiyo, tazama kadi. Ikiwepo, kazi yako imekwisha. Isipokuwepo, huenda mwenyewe amesahau kuiweka: mkumbushe faraghani kwa upole, au mwambie msimamizi. Usisimame mbele ya watu ukawa mdai, shahidi na kadhi kwa pamoja. Na aliyemuaibisha mwenzake hadharani, toba yake haitimii mpaka amuombe msamaha, kwani hiyo ni haki ya mja. Tunamuomba mzee wetu, ikimfikia makala hii, amtafute dada yule.

Kwa kamati za misikiti na kwetu nyumbani

Kamati za misikiti zinaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo: kuweka mtu wa kusimamia nafasi hizo siku ya Ijumaa, kuandika kibao kwamba si kila ulemavu unaonekana, na kulitaja jambo hili katika khutba. Mtume (S.A.W) amewaamrisha maimamu wawafanyie watu wepesi katika swala kwa sababu nyuma yao wamo madhaifu, wagonjwa na wazee. Hakuwaamrisha wageuke kwanza wawahoji nani mgonjwa kweli.

Zanzibar tulipitisha sheria ya watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2009. Hata pasipokuwa na nafasi zilizochorwa alama, mtihani ni ule ule: kiti cha mbele kwenye daladala, foleni ya hospitali, kiti cha kuswalia msikitini. Kijana akiomba apishwe, tusimtazame miguu. Tumpishe. Akiwa mkweli tumepata thawabu, na akiwa muongo hesabu yake iko kwa Mwenyezi Mungu, nasi thawabu ya kupisha haitupotei.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, walio dhahiri na waliojificha, na asafishe nyoyo zetu na dhana mbaya.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.