Ukiambiwa "futa app ya zamani kwanza", simama hapo hapo

Umetumiwa faili ya app yetu kwa WhatsApp, pengine kwenye grupu ya chama. Ati ni toleo jipya. Nembo ni ile ile, rangi ni zile zile. Sasa shida iko wapi?

Hebu tuanze na mahindi. Wateja wetu wa Kitui na Makueni wanaijua hii kuliko sisi: mwaka 2004 aflatoksini iliua watu 125, wengi wao kutoka kaunti hizi mbili. Mahindi mengi yalikuwa yamehifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Kwenye sahani, ugali ulikuwa ugali tu.

Programu nayo ina safari yake. Watengenezaji huweka msimbo kwenye hazina, ambako kila badiliko huandikwa: nani kabadilisha, lini, nini. Kisha mtu anaufunga uwe pakiti. Katikati hapo ndipo mchezo huchezwa. Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta yake ya Linux kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Akafuatilia. Kumbe xz, programu ndogo ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Maagizo ya kuuamsha yalikuwa ndani ya pakiti iliyofungwa, lakini kwenye hazina ya wazi hayakuwepo. Aliyejenga programu moja kwa moja kutoka hazina hakuyapata.

Wewe hutajenga app mwenyewe, tunajua. Lakini simu yako ya Android inakusaidia: kila app hutiwa sahihi ya mwenyewe. Tapeli anaweza kuifungua app yetu, aongeze kitu cha kuiba PIN, kisha aifunge tena. Sahihi yetu hana. Akikutumia, simu itakataa kuiweka juu ya ile uliyo nayo. Ndiyo maana anakuambia ufute ya zamani kwanza: ukishafuta, simu haina cha kulinganisha.

Toleo jipya lichukue Play Store. Na kama tayari umeiweka hiyo ya WhatsApp, zima data, hamisha laini kwenye simu nyingine, badilisha PIN huko, kisha utupigie. PIN mpya usimpe hata wakala wa Wote au Mwingi mliyesoma naye.