Mkazo wa Kiswahili na Kazi ya Kiongozi wa Kwaya, Jinja na Mbale
Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, katika miji ya Jinja na Mbale, kiongozi wa kwaya angali miongoni mwa walimu wake wasiotajwa. Waimbaji wake wengi huzungumza Kisoga au Kimasaaba, lugha ambazo toni hutofautisha maana. Kiswahili hutegemea mkazo, ambao kwa kawaida huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo maneno yasomwe kwanza bila lahani, mkazo ukipigiwa makofi. Neno “barabara” ni kipimo kizuri: pigo zito likitua kwenye silabi ya pili badala ya ya tatu, njia hugeuka kuwa “sawasawa”. Hapo kiongozi aanzishe neno noti moja mapema.